Kwaresima Yangu ya Mwezi wa Rajabu

Niseme mapema, kabla hujaniwashia mshumaa: sikwenda Komoro nikiwa mcha Mungu. Nyumbani Tanga nilikuwa Mkristo wa gauni jipya, wa Krismasi na Pasaka, na hata siku hizo mama alinitoa kitandani kwa kunivuta mguu. Nilimaliza kidato cha nne nikijua nyimbo zote za dansi na nusu ya Nasadiki. Kisha nikaolewa na Mngazija, kama tulivyowaita Wakomoro wote, makanika wa bandarini, Mwislamu, mcheshi, ambaye hakuniambia hata siku moja nibadili dini. Akanipeleka kwao. Na huko, mahali ambapo hakuna aliyejali kama nimekwenda kanisani, ndipo nilipogeuka mtawa. Si kwa neema. Kwa ubishi. Mimi nikiambiwa kaa, nasimama. Nikiachwa nifanye nitakavyo, natafuta wa kugombana naye, na huko aliyekuwa karibu zaidi alikuwa Mungu.

Tulianzia Moroni, katika chumba cha kupanga chenye kuta za mawe meusi ya volkano yaliyotunza joto kama tanuri. Enzi zile mamluki walikuwa mjini: wazungu waliokuja na bunduki mwaka wa sabini na nane, wakamrudisha rais kitini, wakakaa wao. Magari yao yakipita watu walishusha sauti mpaka vumbi litue. Kanisa lilikuwapo, dogo, la wageni: watawa wa kike, walimu wa Kifaransa, Wamalagasi wachache, na mimi na mimba yangu ya kwanza.

Jumapili moja mbele yangu alikaa mmoja wa wale wenye bunduki. Shingo nyekundu, nywele zimekatwa karibu na ngozi, bastola kiunoni nyumbani mwa Bwana. Ulipofika wakati wa kupeana amani akageuka na kuninyooshea mkono. Hotuba nzima ilinijia kinywani. Nilikuwa na maneno juu ya Herode, juu ya upanga, juu ya mama yake. Nikaupokea mkono. Ulikuwa laini kama wa mpishi wa keki. Nikasema, "Na kwako pia," kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, kisha nikatoka nje na kuwakasirikia kuku wa mtaa mzima. Sikurudi tena kanisani Moroni. Nilijiambia nimegoma kwa ajili ya haki. Mume wangu aliniuliza, "Umemwambia nini?" Nikamwambia nimemwangalia vibaya sana.

Mtoto wa kike akazaliwa, kisha mume wangu akapata kazi bandari ya Mutsamudu, kisiwani kwao Ndzuani. Tukavuka, mimi nikitapika njia nzima. Mutsamudu ni mji wa vichochoro vyembamba, nyumba zimeegemeana kama wazee wanaosengenya. Ukikaanga vitunguu, nyumba ya nne wanajua. Na huko nyumba ni ya mwanamke. Binti hajengewi na mume, hujengewa na wazazi wake, na mume ndiye anayehamia na sanduku lake. Mimi nilikuja na sanduku. Mume wangu akawa mwanamume wa kwanza wa ukoo wao kuleta mke nyumbani kwa mama yake, kama mtu aliyeokota paka njiani. Hakuna aliyenitukana. Walinisogezea chakula kizuri, wakaniuliza hali ya kwetu, kisha wakaendelea na maneno yao, na mimi nikakaa pale kama kabati.

Mwenye ghorofa ya juu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke wa kauli fupi na bangili nyingi. Siku moja, mtoto wangu wa pili akiwa ameachishwa ziwa tu, alinikuta nikinung'unika rozari huku nikichambua mchele. Akanitazama, kisha akasema, nami naandika kwa Kiswahili changu alichosema kwa lugha yao:

"Wifi, hata wale wazungu wa bunduki huko Moroni, wapo waliosilimu. Wamepewa majina, wameoa, Ijumaa wanakwenda msikitini. Watu wameua, wale! Wewe hata kuku unamchinja akikimbia na kisu shingoni. Umeng'ang'ania nini?"

Alikuwa amegusa penyewe. Ndiyo maana nilikasirika. Ukristo wangu wote ulikuwa kunung'unika juu ya mchele. Padri alivuka kutoka Moroni alipopata safari, na msimu ule wa mvua za kashkazi hakupata. Nikaapa moyoni: Kwaresima hii nitaifunga, yote, bila kula mchana kama wao, na nitafika Pasaka nikiwa bado mimi. Hilo tu nililitaka. Hilo, na mtu mmoja wa kuzungumza naye asiyeniita mgeni. Sikujua kwamba hayo ni mambo mawili, na kwamba yatagombana.

Jumatano ya Majivu nikachota jivu la jikoni, nikalichanganya na maji, nikajichora msalaba kwenye paji la uso mbele ya kioo cha kunyolea cha mume wangu. Ulitoka umepinda. Nikashuka kwenda kuchota maji nikijiona kama nabii. Jirani wa mlango wa pili akaniona, mama mnene mwenye huruma zisizokatika. Wanawake wa huko hujipaka liwa usoni, ya mti wa msandali uliosagwa juu ya jiwe. Wao huiita msindzano. Akanishika kidevu.

"Masikini. Nani kakufundisha kupaka hivi? Umetumia nini, masizi?"

"Ni majivu. Ni dini yangu."

"Mhm. Njoo."

Akanifuta kwa ncha ya nguo yake, akasaga liwa yake mwenyewe, akanipaka uso mzima kwa uangalifu, akazungushia vidoti mashavuni. Siku ya kukumbuka kwamba mimi ni mavumbi nikaimaliza nikiwa na uso wa manjano kama bibi harusi. Mama mkwe akasema nimependeza. Mimi, nabii, nikafurahi.

Sasa sikiliza kilichonipata. Kwaresima mwaka ule iliangukia siku ambazo mwezi wa Rajabu ulikuwa umeandama tu, na nyuma ya Rajabu kuna Shaabani, halafu Ramadhani. Ndiyo miezi ambayo wanawake hulipa siku walizokula Ramadhani iliyopita kwa hedhi au uzazi, na wacha Mungu hufunga sunna. Nusu ya wanawake wa kichochoro walikuwa wamefunga. Na mimi, mke wa mtoto wao, asubuhi sinywi chai, mchana sili, jioni nakula kama fisi.

"Amefunga," akasema jirani.

"Amefunga," akasema wifi, na bangili zikatulia.

Nilikanusha. Nataka hili lieleweke. Nilisimama uani nikasema kwa sauti, "Hii ni Kwaresima. Ni mfungo wa Kikristo."

"Ndiyo, ndiyo," wakasema, kwa upole ule wa kumwambia mtoto kwamba kweli yeye ni simba. Zikatoka kauli mbili. Wifi alishikilia kwamba nilisilimu kwa siri siku ya ndoa, ndugu yake akaficha, sasa nalipa madeni ya miaka yote. Jirani alisema hapana, ni sunna ya Rajabu, na haya zinanizuia kusema. Walibishana mbele yangu kama sipo, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza.

Balaa ni kwamba Kwaresima tuliyofundishwa Tanga ilimruhusu mtu kunywa maji. Lakini ungekunywaje maji saa saba mchana, kichochoro kizima kinakuombea dua? Nikafunga kama wao, bila maji. Midomo ikakauka kama gunzi. Niliwagombeza watoto, nikamgombeza mume, nikamgombeza mbuzi wa watu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mfungo hulainisha roho. Yangu ilikuwa kama muhogo mbichi.

Halafu kuna Jumapili. Jumapili hatufungi, hata Kwaresima. Ni siku ya Bwana. Basi Jumapili nikala mchana, hadharani, kwa furaha. Wanawake wakatazamana. Mwanamke aliyefunga akila mchana ghafla, sababu inajulikana, na ni ya kila mwezi. Jumapili iliyofuata nikala tena. Na iliyofuata. Jirani akaanza kunitazama kwa majonzi. Mwisho akaja na chupa ya maji ya gome la mti, jeusi, alilotafutiwa na jamaa yake wa Patsy huko juu mlimani.

"Kunywa, mwanangu. Damu ya namna hiyo si ya kunyamazia."

"Mimi si mgonjwa!"

"Hata shangazi yangu alisema hivyo."

Nikanywa. Ungefanyaje? Dawa chungu ile nimeihesabu kuwa Njia ya Msalaba yangu, vituo vyote, kwa sababu nyingine sikuifanya.

Lakini hapa niseme jambo ambalo silipendi kulisema, kwa kuwa hasira ndiyo mavazi yangu ya kawaida. Nilianza kuwa na watu. Walinigongea mlango twende mtoni kufua. Waliniachia jiwe zuri, lile bapa. Jioni bakuli la uji lilishuka kutoka ghorofani kwa wifi, limefunikwa kawa, na mwanangu wa kike, ambaye watoto wenziwe walikuwa wakimwita mtoto wa kafiri, akaanza kuitwa kucheza. Nilikuwa nimeingia mfungoni kumtafuta Mungu peke yangu, kwa dharau, mlango umefungwa. Nikafunguliwa mlango na wanawake walionidhania mtu mwingine.

Mto wakati ule ulikuwa tope. Mvua za kashkazi zilishusha kutoka milimani magome, majani, kiatu cha mtu, na shati jeupe lilitoka limekuwa la rangi ya chai. Kwetu Tanga Kwaresima ni kavu na Pasaka huja na masika. Yesu hufufuka udongo ukinuka mvua, na mama hupanda mahindi wiki ileile. Huku kila kitu kilikuwa kinyume. Tunaanza kwenye matope, na mvua inakonda kadiri siku zinavyokwenda. Nililalamika wiki zote za mwanzo kwamba hata majira ya huku hayajui katekisimu.

Asubuhi moja nikiwa mtoni upepo ukageuka. Si upepo mkubwa, ule mkavu wa kwanza wa kusi unaokufikia shingoni kabla hujaujua. Maji yalikuwa yamepungua, nikaona vidole vyangu vya miguu chini. Nikasuuza shuka, ikatoka nyeupe. Nikasema, "Asante." Sikuwa nimepanga. Sikujua namwambia nani mpaka nilipokwisha kusema, na nikasimama pale na shuka inachuruzika, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nimesali kama mtu anayepiga mlango wa aliyemdhulumu, na hili lilikuwa neno la kwanza nililolisema kama mtu aliye ndani. Kisha mwanangu wa pili akaitumbukiza sabuni mtoni, nikarudi kwenye hali yangu.

Sasa Pasaka yenyewe lini? Kalenda ya nyumbani ilikuwa ya miezi ya Kiislamu, na mume wangu aliahidi kila siku kuniulizia bandarini na kila siku alisahau. Nikakumbuka katekista wetu wa shule, mzee wa ukali: Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza, baada ya usiku na mchana kulingana. Mwezi mpevu! Na watu wangu hawa mwezi wanaujua kuliko wanavyojua watoto wao. Nikamwendea mama mkwe, alikuwa anakuna nazi.

"Mama, mwezi unajaa lini?"

"Usiku wa nusu Shaabani, mwanangu. Jumanne hii inayokuja." Akaiacha mbuzi ya nazi. Macho yakamlowa. "Unaungojea?"

"Naungojea sana," nikasema, na ilikuwa kweli tupu.

Usiku wa nusu Shaabani kwao ni usiku wa dua, wa kusamehewa. Habari kwamba mke wa makanika anaungojea sana ilifika Mirontsy kabla samaki wa Mirontsy hawajafika sokoni kwetu.

Ijumaa iliyofuata usiku huo, Ijumaa Kuu yangu, wifi akashuka. Mkononi alikuwa na shiromani mpya, nguo ya wanawake wa Ndzuani, nyekundu na nyeupe, bado na harufu ya duka. Akanitandazia mabegani mwenyewe, akairekebisha, akarudi nyuma kunitazama.

"Jumapili baada ya alasiri fundi atakuja sebuleni kwangu. Ni maneno mawili tu, usiogope. Chakula ni changu. Binti yako naye atapata jina zuri badala ya mtoto wa kafiri." Kisha akasema kitu ambacho hakuwahi kusema tangu niingie nyumba ile: "Dada yangu."

Fundi huko ni mwalimu wa dini. Maneno mawili ni shahada. Na Jumapili ile, msomaji, ilikuwa Pasaka.

Mume wangu alipokuja kula nikamweleza. Akanyonya mfupa wa samaki, akafikiri.

"Sema tu. Moyoni baki na yako."

"Mimi nimeshindwa kumdanganya Mungu kwa lugha moja, unataka nimdanganye kwa mbili?"

"Basi kataa."

"Na mtoto? Na hawa wanawake? Unajua ni mara ya kwanza mtu kunigongea mlango hapa?"

"Basi usikatae."

Nikamtupia mwiko. Ukampita, ukavunja chupa ya jirani ya gome la mti, na nyumba ikanuka uchungu mpaka Jumapili.

Sebule ya wifi ilijaa. Mikeka, mito, udi, pilau, kuku, masinia ya vitumbua. Nilivaa ile shiromani kwa sababu sikuwa na moyo wa kuivua. Fundi alikuwa mtu mzima mwenye mafua, amewahi kusoma Unguja, akanisemesha kwa Kiswahili safi ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu, nikakaribia kulia kwa ajili hiyo tu.

"Binti yangu, umekuja kwa hiari yako?"

"Nimeitwa, fundi."

"Unataka kuingia katika Uislamu?"

Nilimwona mwanangu mlangoni, ameshikana mikono na binti wa jirani, wote wawili midomo imejaa vitumbua. Nilimwona wifi, ameinama mbele kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Wallahi nilikuwa tayari. Kinywa changu kilikwisha funguka. Na kilichonirudisha si Roho Mtakatifu akishuka kama njiwa. Ni kwamba nilikumbuka mto, na lile neno moja la kweli nililowahi kulisema, nikaona nikidanganya sasa sitalipata tena.

"La, fundi."

"Umefunga Rajabu na Shaabani."

"Nimefunga Kwaresima. Imekwisha leo. Nilisema, lakini nadhani sikusema vizuri."

Akapiga chafya. Akamtazama wifi, si kwa ukali. "Dini hailazimishwi," akasema, akamaliza chai yake, akaomba kandambili zake.

Wanawake waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja akifunika sinia alilokaa nalo. Jirani alinishika shavu akapita. Wifi alibaki mwisho. Alinisogelea, akaifungua shiromani mabegani mwangu, akaikunja mara nne, kingo kwa kingo, akaingia nayo chumbani kwake. Ningefurahi angenizaba kibao.

Tukabaki mimi, mama mkwe, watoto na pilau ya watu wa mtaa mzima. Mama mkwe alikuwa amekasirika. Mishipa ya shingo ilimsimama.

"Umenifedhehesha."

"Ndiyo, mama."

"Siku ngapi nimekupikia futari!"

"Nyingi, mama. Nisamehe."

Akajisogezea sinia, akalifunua, akalitazama. "Huyo Isa wenu. Leo ndiyo mnasema amefufuka?"

"Leo."

"Sisi twasema hakufa."

"Najua."

Akafikiri, vidole tayari viko ndani ya wali. "Basi yu hai. Hapo hatugombani. Kula, wali unapoa."

Nikala. Nilitaka kuwaza mambo makubwa, kaburi tupu na jiwe lililoviringishwa, lakini nilikuwa na njaa ya Kwaresima nzima na kuku alikuwa na pilipili. Nilikula mpaka nikaumwa tumbo, na sehemu kubwa ya jioni ya Pasaka niliimalizia chooni, nikimsikia mama mkwe akimwambia mume wangu nje ya mlango kwamba dini yangu ni ngumu kwa tumbo.

Wifi hakunisemesha. Uji haukushuka tena. Mwanangu alirudi kucheza peke yake siku kadhaa, kisha binti wa jirani akaja kumchukua, watoto hawana kumbukumbu ndefu. Kusi likakomaa, usiku ukawa wa shuka mbili, zikaja karafuu, na kila uwazi wa mji ukatandikwa mikeka ya kuzianika, mpaka ukikohoa unanusa karafuu. Wifi alikuwa na mikeka yake barabarani chini ya nyumba. Nilipita kandokando yake kila siku, salamu yangu ikienda, yake haiji.

Mchana mmoja wingu likatoka mlimani bila kutanguliwa na upepo. Mimi nilikuwa dirishani nagombana na mtoto juu ya viatu. Nikasikia kutoka chini, kwa sauti ya kuamrisha ambayo ningeitambua hata kaburini:

"We Mkristo! Karafuu!"

Nikashuka ngazi peku. Tukashika mkeka huku na huku, tukaukunja, tukakimbia nao ndani, tukarudi kuchukua mwingine, matone ya kwanza yakitupiga mgongoni. Alinigombeza kwamba nashika vibaya. Nikamwambia ashike yeye vizuri.